Injini Imezimika, Doria Iko Nyuma: Kuchagua Kanuni za Mchezo wa Opera ya Anga

Meli ya mizigo imezimika injini katikati ya anga tupu. Nyuma yake kuna meli ya doria, na kila dakika inazidi kukaribia. Stoo mna makasha kumi na mawili ambayo hayamo kwenye karatasi za forodha. Rubani ameshika usukani usioitika. Nahodha yuko kwenye redio, anavuta muda kwa maneno matamu. Huko chini, fundi wa mitambo amelala kifudifudi chini ya bomba linalovuja, anasema, "Naiwasha upya, liwalo na liwe."

Hapo mchezaji anayemwigiza fundi anaokota dadu. Dadu ngapi? Za pande ngapi? Na zikishatua mezani zinatuambia nini?

Nimekaa kwenye meza nyingi za namna hii, mara nyingi nikiwa msimamizi, na nimeona tukio hilohilo likizaa hadithi tofauti kabisa kwa sababu ya kitabu cha kanuni kilichokuwa mezani. Katika mfumo mmoja injini inawaka, kisha fundi anakumbuka kwamba kipuri alichotumia kilikuwa cha mwisho na pesa ya kununua kingine haipo. Katika mfumo mwingine inawaka lakini moshi unajaa vyumba vyote. Katika mwingine fundi anainua kichwa na kusema, "Subirini, jana tulipokuwa bandarini nilimpa yule ofisa wa doria bahasha," na kanuni zinamruhusu kulisema hilo sasa hivi, ingawa jana hakuna aliyelitaja.

Kwa mgeni wa michezo ya kuigiza mezani: watu watatu hadi sita hukaa pamoja, mmoja akawa msimamizi anayeueleza ulimwengu na kuwasemea wote waliomo humo, na waliobaki kila mmoja akabeba mhusika wake. Kazi kubwa hufanywa kwa maneno. Dadu huja pale matokeo yanapokuwa na shaka, na kanuni ni makubaliano ya lini na vipi zirushwe. Opera ya anga nayo haina uhusiano na muziki. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1941 na mwandishi Mmarekani, Wilson Tucker, na alilitoa kama dongo kwa hadithi za meli za anga alizoziona zimechakaa. Dongo likageuka kuwa jina la heshima. Leo linamaanisha hadithi za makundi ya nyota, milki zinazoanguka, magendo, vita, mapenzi na watu wenye mioyo mikubwa kuliko akili zao, bila kusumbuana sana na hesabu za fizikia.

Wengi huuliza mfumo upi ni bora. Swali hilo halina jibu, na nadhani ndilo linalowapoteza watu. Mimi nafanya hivi: kabla sijasoma sura ya mapigano, nachukua karatasi ya mhusika na karatasi ya meli, naangalia kuna visanduku vya kuhesabia nini. Kama kuna visanduku vya mafuta na deni, wachezaji watazungumza habari za mafuta na deni. Kama kuna visanduku vya uhai na ngazi, watatafuta mapigano yatakayowapandisha ngazi. Kama kuna visanduku vya msongo wa mawazo, wataumizana mioyo. Niliwahi kuendesha kisa cha wafanyabiashara fukara wanaokimbizana na mkopo wa meli, nikatumia mfumo wa dadu ya pande 20 kwa sababu kila mtu mezani aliujua. Baada ya vikao sita hakuna aliyekumbuka kuwa kuna mkopo. Karatasi haikuwa na mahali pa kuuandika. Ilikuwa na mahali pa kuandika pointi za uzoefu, na pointi hizo zilipatikana kwa kupigana, basi wafanyabiashara wangu wakawa majambazi.

Pale deni linapokuwa adui

Traveller ndio mzee wa ukoo huu. Ulitolewa mwaka 1977 na kampuni ya Marekani, Game Designers' Workshop, ukiwa vijitabu vitatu vyeusi ndani ya boksi, na mbunifu wake ni Marc Miller. Toleo linalochezwa zaidi sasa ni la kampuni ya Uingereza, Mongoose Publishing, lililoanza mwaka 2008 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo.

Jaribio lake ni jepesi. Rusha dadu mbili za pande sita, jumlisha, ongeza ujuzi wako na nyongeza ya sifa yako ya mwili au akili. Ukifika 8 umefaulu. Wepesi huo unaficha jambo muhimu. Dadu mbili hazitoi namba zote kwa usawa: 7 hutokea mara sita katika kila michanganyiko 36, wakati 2 na 12 hutokea mara moja moja. Kwa hiyo nyongeza ndogo ina uzito mkubwa. Bila nyongeza yoyote una uwezekano wa kufaulu wa asilimia 42. Ukiwa na +1 unapanda hadi 58, na ukiwa na +3 unafika 83. Asiye na ujuzi kabisa hukatwa 3, na uwezekano wake unaporomoka hadi asilimia 8. Fundi wetu, mwenye ujuzi wa uhandisi wa 2 na elimu nzuri inayompa +1, ni mtu wa kutegemewa. Nahodha akijaribu kuiwasha injini hiyo mwenyewe, ni kama anaomba miujiza. Mfumo unakuambia bila kuficha kwamba kila mtu chomboni ana kazi yake.

Ila utamu wa Traveller haumo kwenye jaribio. Umo kwenye hesabu za meli. Mkopo wa kawaida hulipwa kila mwezi kwa sehemu moja ya 240 ya bei ya meli, kwa miezi 480. Tuseme meli ina bei ya krediti milioni 48: kila mwezi lazima zipatikane krediti 200,000, kwa miaka 40, na malipo hayo peke yake yatafika mara mbili ya bei. Mruko mmoja kutoka mfumo wa nyota hadi mwingine huchukua takriban wiki moja, uwe umeruka parseki (kipimo cha umbali kati ya nyota) moja au sita. Kila parseki inakula mafuta sawa na sehemu ya kumi ya ukubwa wa meli, kwa hiyo meli ya tani 200 lazima itenge tani 20 kwa mruko mfupi kuliko yote, na tani 20 za mafuta ni tani 20 za shehena ambazo hukuzibeba. Ukijumlisha wiki ya mruko na wiki ya kupakua, kutengeneza na kutafuta mzigo, mwezi mzima una safari mbili tu za kulipia deni lile. Ndiyo maana yale makasha kumi na mawili yamo stoo. Msimamizi hakuhitaji kumshawishi mtu kuwa mlanguzi, hesabu imemshawishi.

Kuna lingine ambalo huwa halisifiwi vya kutosha. Katika ulimwengu wa Traveller hakuna redio inayoshinda kasi ya meli. Habari husafiri kama enzi za merikebu za matanga: mtu amezipakia, zikafika alipofika. Ukiikimbia doria na kuruka leo, sayari unayokwenda haitajua kosa lako mpaka meli nyingine ilete barua. Kanuni hiyo moja inafanya utoroshaji uwezekane, inampa mtawala wa mbali mamlaka ya kifalme, na inafanya kila nahodha anayewasili awe na kitu cha kusimulia.

Mhusika naye anazaliwa kwa namna ya pekee. Hununui sifa, unayaishi maisha yake: unaanza na miaka 18, unaingia kazi fulani kwa vipindi vya miaka minne, na dadu zinakuambia kama ulipandishwa cheo, ulipata adui, au ulifukuzwa. Katika toleo la 1977 ungeweza kufa kabla mchezo haujaanza. Sasa unapata balaa linalokutoa kazini. Mtu anaingia mezani akiwa na miaka 38, ana goti bovu, rafiki mmoja kwenye jeshi la anga na hisa ndogo ya meli, na wenzake wanacheka na kuhuzunika naye kabla hajafanya chochote. Kwa maoni yangu hakuna mfumo mwingine unaotengeneza wahusika wenye historia nzito namna hii kwa saa moja.

Gharama yake? Mhusika hakui haraka. Ujuzi unapanda polepole mno, na risasi haina heshima: madhara yanakata ustahimilivu wako, kisha nguvu au wepesi, na zote tatu zikifika sifuri umekufa. Mchezaji anayetaka kuwa shujaa wa kuruka katikati ya mvua ya risasi atazikwa kikao cha kwanza.

Ngazi, uhai na dadu ya pande 20

Upande wa pili kuna Starfinder, wa kampuni ya Paizo, uliotoka mwaka 2017 na kupata toleo la pili mwaka 2025. Hapa unarusha dadu moja ya pande 20, unaongeza nyongeza zako, unalenga namba. Kila upande una asilimia 5 sawasawa, kwa hiyo bahati ina sauti kubwa: bingwa na mwanafunzi wote wanaweza kupata 2. Mfumo unafidia hilo kwa ngazi, kuanzia 1 hadi 20, na kila ngazi inaleta uwezo mpya wa kuchagua. Kuna uchawi, kuna mizimu, kuna viumbe wenye mikono minne. Mchezaji anayependa kukaa nyumbani akimjenga mhusika wake kama fundi anayechonga sanduku la njumu atafurahi sana.

Ila ngazi zinabadilisha ladha. Fundi wa ngazi ya 10 haogopi bastola ya mlinzi wa geti, kwa sababu hesabu ya uhai wake imeipita. Opera ya anga ina nafasi kubwa kwa mashujaa wa aina hiyo, sina ugomvi nao. Lakini ukitaka mtu aliyeshikiwa bastola anyanyue mikono juu, mfumo huu utakupinga kila mara.

Kati ya hawa wawili amekaa Kevin Crawford na mfumo wake, Stars Without Number, uliotoka mwaka 2010, ukaandikwa upya mwaka 2017, na una toleo linalopatikana bure kabisa. Mapigano yanatumia dadu ya pande 20, ujuzi unatumia dadu mbili za pande sita, na uhai mwanzoni ni kidogo kiasi kwamba unapiga hesabu kabla ya kuchomoa silaha. Lakini nauweka mkononi mwa kila msimamizi kwa sababu nyingine: zana zake za kutengeneza ulimwengu. Kila sayari unaipa vitambulisho viwili kutoka kwenye jedwali, na kila kitambulisho kinakuja na maadui, marafiki, matatizo, vitu vya thamani na mahali pa kufanyia tukio. Sayari yenye tauni na utawala wa makuhani inajiandika yenyewe. Pia makundi makubwa, kama milki, kampuni na dini, yana zamu yao ya kucheza kati ya vikao, yakishambuliana na kununuliana mali, hata wachezaji wakirudi wanakuta dunia imesogea bila wao. Hata nikiendesha mfumo mwingine, majedwali ya kitabu hiki hayakosi pembeni yangu.

Zaidi ya ndiyo na hapana

Mwaka 1987 kampuni ya West End Games ilitoa mchezo wa Star Wars uliofundisha kizazi kizima kwamba opera ya anga inataka mwendo. Ujuzi wako ni idadi ya dadu. Una dadu nne za urubani? Zirushe zote, jumlisha, linganisha na ugumu. Nne kwa wastani zinatoa 14. Ugumu ukiwa 15, uwezekano wako ni asilimia 44 hivi. Uzuri wake ni kanuni ya kufanya mambo mengi kwa pamoja: kila tendo la ziada linakupokonya dadu moja kwenye yote. Rubani anayetaka kukwepa, kufyatua na kupiga kelele kwenye redio kwa mkupuo mmoja anaruhusiwa, na anajua anavyojipunguza. Shida inakuja wahusika wakikomaa. Kujumlisha dadu kumi kila mara kunachosha meza.

Mwaka 2013 Fantasy Flight Games walirudi kwenye ulimwengu huohuo na wazo jipya, na mwaka 2017 wakalitoa kama mfumo huru uitwao Genesys. Dadu zake hazina namba, zina alama. Za kijani na njano ni uwezo wako, za zambarau na nyekundu ni ugumu, za buluu na nyeusi ni mazingira. Alama za kufaulu zinafutana na za kushindwa. Pembeni yake, kwa hesabu tofauti, alama za unafuu zinafutana na za tishio. Hilo la pili ndilo lililobadilisha kila kitu.

Turudi chini ya bomba linalovuja. Fundi anarusha. Amefaulu, lakini yamebaki matishio mawili: injini inawaka, na mvuke wa moto unaenea hadi kwenye stoo, makasha yanaanza kutoa harufu ya ajabu. Au ameshindwa, lakini ana alama tatu za unafuu: injini imegoma, ila taa za dharura zilipowaka aliona kwenye kioo kuna kundi la vimondo karibu, na meli ikielea tu bila injini itaingia humo kabla doria haijafika. Kushindwa huko kumeleta jambo jipya mezani. Nimeona wachezaji waliozoea "umeshindwa, zamu ya nani?" wakikaa wima kwenye viti. Lakini kuna kazi ndani yake: kila mrusho unadai tafsiri, na msimamizi aliyechoka saa tatu za usiku atajikuta anatoa "umechoka kidogo" kwa kila tishio. Tena unahitaji dadu zake maalumu, za kawaida hazifai bila jedwali la kutafsiri.

Scum and Villainy wa mwaka 2018, uliojengwa juu ya kanuni za mchezo mwingine, Blades in the Dark, unakwenda mbali zaidi. Hapa kwa kawaida msimamizi harushi dadu. Mchezaji anarusha dadu chache za pande sita na kuangalia iliyo juu kuliko zote. 6 ni kufaulu, 4 au 5 ni kufaulu kwa gharama, 1 hadi 3 mambo yanaharibika. Mwenye dadu mbili ana asilimia 25 ya kuharibikiwa, asilimia 31 ya kufaulu safi, na asilimia 44 ya kufaulu kwa gharama. Tazama hiyo ya mwisho. Ndiyo kubwa kuliko zote, na imewekwa hivyo makusudi. Hadithi inasogea kwa kufaulu kunakoacha deni.

Kabla ya mrusho, msimamizi anatamka hali ikoje: imedhibitiwa, ina hatari, au ni ya kufa na kupona. Anatamka pia tendo litaleta athari kiasi gani. Mchezaji anaweza kubadili njia akisikia hivyo. Kukaribia kwa doria kunachorwa kama duara lenye vipande sita, na kila kosa linapaka rangi kipande. Kila mtu mezani anaona maafa yanavyojaa, na maneno kama "wanakaribia" hayahitaji kurudiwa.

Yule fundi wa bahasha alitokea kwenye mfumo huu. Unalipa kiasi cha msongo wa mawazo, unasimulia ulichokiandaa zamani, tunarudi nyuma kidogo kukiona, kisha tunaendelea. Nilidhani huo ni udanganyifu mpaka nilipousimamia. Umeua zile saa mbili za wachezaji kupanga uvamizi kwa mishale na ramani ambao ungevunjika dakika ya kwanza. Sanduku la msongo lina visanduku tisa, na yakijaa mhusika anabaki na kovu la kudumu. Kwa hiyo tena, angalia kinachohesabiwa: mafuta hakuna, risasi hakuna, kuna uchovu wa roho.

Ninaoona hawaupendi ni watu wa ramani na mahesabu. Mtu anayefurahi kujua ana risasi saba na umbali ni mita 40 atahisi amewekwa kwenye ukungu, na hisia hiyo ni ya haki.

Mfumo wa Fate, ambao toleo lake la Core lilitoka mwaka 2013, unaweka uzito kwenye maneno. Mhusika ana sentensi fupi zinazomweleza, mathalani "Simwachi mtu nyuma". Ukilipa pointi ya hatima, sentensi hiyo inakusaidia. Msimamizi akikupa pointi, sentensi hiyohiyo inakutia matatani. Dadu zake nne zina alama za kujumlisha, kutoa na tupu, na hazipepesuki sana: mara 51 kati ya 81 zinatua kati ya -1 na +1. Bahati ni ndogo, hivyo tabia ndiyo inayoamua. Kwa opera inayohusu viapo, usaliti na ndugu waliopotezana, sioni wa kuufikia. Kwa kisa cha kulipa mkopo utapwaya.

Savage Worlds wa mwaka 2003 ni wa haraka na una kelele: dadu ikitua kwenye upande wa juu kabisa unairusha tena na kujumlisha, bila kikomo. Ina kasoro ndogo ya kihesabu inayonivutia. Ukihitaji 6, dadu ya pande nne (asilimia 18.75) inaishinda ya pande sita (asilimia 16.7), kwa sababu ya huko kurudia. Mezani hakuna anayeligundua, na vita vya watu ishirini vinakwisha kabla watu hawajachoka.

Coriolis, kutoka Sweden, una jambo moja ambalo ningeliiba popote. Unarusha dadu kadhaa za pande sita ukitafuta angalau 6 moja. Ukikosa, mhusika anaweza kuomba dua, na unarusha tena zote ambazo hazikuwa 6. Kwa dadu tano, uwezekano unapanda kutoka asilimia 60 hadi 84. Lakini kila dua inampa msimamizi pointi moja ya giza, naye ataitumia atakapotaka: bunduki kukwama, mshirika kugeuka, kitu kuamka kwenye sitaha ya chini. Wachezaji wanaona rundo la pointi likikua mbele ya msimamizi. Tumbo joto hilo halihitaji muziki wa kutisha.

Watu watano, usukani mmoja

Sasa nifike kwenye tatizo ambalo kila mfumo wa opera ya anga lazima ulijibu, na ambalo watu hawaliulizi mpaka limewakuta. Kwenye pango la joka, watu watano wana miili mitano na wanaweza kutawanyika. Kwenye meli, watu watano wana mwili mmoja. Rubani anaamua meli inakwenda wapi. Mpiga mzinga anafyatua. Na daktari afanye nini? Mpelelezi mwenye kisu je? Mbaya zaidi, meli ikilipuka wamekufa wote kwa mrusho mmoja, na kisa cha mwaka mzima kimekwenda mrama.

Toleo la kwanza la Starfinder lilijibu kwa kugawa nafasi: nahodha, mhandisi, mpiga mzinga, rubani, mtaalamu wa sayansi, na kila raundi ikawa na hatua zake kwa mpangilio kwenye ramani ya pembesita. Nia njema, na raundi mbili za kwanza zinavutia. Kufikia ya sita, mhandisi anasema "naongeza nguvu kwenye ngao" kwa sauti ile ile, kwa dadu ile ile, huku anaangalia simu. Kumpa mtu nafasi na kumpa uamuzi ni mambo mawili. Mtu aliye na tendo moja lililo bora kila raundi hana la kuamua.

Traveller unajibu vizuri zaidi, pengine bila kukusudia. Meli ikipigwa vibaya, dadu mbili zinaamua palipoumia: vihisi, tangi la mafuta, mtambo wa umeme, shehena, injini ya mruko, au watu wenyewe. Hapo ndipo daktari anapopata kazi, ndipo mpelelezi anapokimbilia stoo inayopoteza hewa. Pigo kwa meli limegeuka kuwa chumba chenye tatizo, na chumba chenye tatizo kinahitaji miguu. Siku hizi, hata mfumo niuendeshao ukisema meli imepoteza pointi 12, mimi nasema ni mlango gani umekwama na nani yuko nyuma yake.

Scum and Villainy hauna sura tofauti ya vita vya meli. Meli ina viwango vyake vya injini, bodi, mawasiliano na silaha, na kila mtu anatenda kwa namna ileile anayotenda nchi kavu. Daktari anaweza kuingia kwenye redio akadai kuna ugonjwa wa kuambukiza humu. Linakubalika, linarushiwa dadu, linasogeza duara. Tena kundi halianzi kwa kuchagua wahusika tu, linachagua meli, na meli ndiyo inayosema wao ni nani: Stardancer ni ya walanguzi, Cerberus ya wasaka watoro, Firedrake ya waasi.

Fate nao unamruhusu kila mtu kutengeneza hali itakayomfaa mwenzake, kwa hiyo daktari aliyemtuliza rubani anaacha pale mezani sentensi ambayo rubani ataitumia. Tatizo linakwisha kabisa, kwa bei ya meli kufanana na kitu kingine chochote. Kwangu mimi meli ya opera ya anga inapaswa kuwa na harufu, kelele zake na ugonjwa wake wa kudumu, na hapo Traveller unashinda tena.

Ukitaka kuhama katikati ya kisa

Makundi mengi hayaanzi upya. Yameshapenda wahusika wao, ila kanuni zinawakwaza. Kosa la kawaida ni kutafsiri namba kwa namba: urubani 2 huku ni ngapi kule? Dadu mbili zinazolenga 8 na dadu tatu zinazotafutiwa iliyo juu hazipimi kitu kimoja, na mhusika atakayetoka humo hatatambulika. Weka karatasi ya zamani pembeni. Mwulize kila mchezaji mhusika wake anafahamika kwa nini, anaogopa nini, anadaiwa na nani, kisha mjengeni upya kwa kanuni mpya kutokana na majibu hayo.

Halafu ulizeni ni kitu gani mfumo wa zamani ulikuwa ukikihesabu ambacho mpya haukihesabu. Kundi moja nililolisimamia lilihama kutoka Traveller kwenda Scum and Villainy baada ya miezi minane. Mafuta tuliyaacha yaende, hakuna aliyeyalilia. Mkopo ulikuwa jambo jingine. Ndio uliokuwa umewaleta pamoja, ndio uliowagombanisha, na kule tulikokwenda haukuwa na mahali. Tukachora duara lenye vipande vinane kwenye karatasi kubwa, tukaandika juu yake jina la meli, tukakubaliana kwamba kila mwisho wa kazi kipande kimoja kinapakwa rangi isipokuwa mtu atoe sehemu ya malipo yake. Karatasi hiyo ilikaa katikati ya meza. Kikao cha tatu, vipande sita vikiwa vimejaa, fundi aliyekuwa akiweka akiba ya kununua mguu wa bandia alisukuma krediti zake zote mbele bila kusema neno, na rubani akamrudishia nusu.